Haki ya Asiyesikika



Kampuni za simu hutumia programu za kompyuta kuchambua kumbukumbu za simu zinazopigwa: kila moja ilipitia mnara upi, ilidumu muda gani, ilikatikia wapi. Kwa hesabu hizo huongeza uwezo penye wapigaji wengi, kama mjini Kigoma na Ujiji.

Lakini pasipo na mnara hapana simu, na pasipo na simu hapana kumbukumbu. Mvuvi anayekumbwa na dhoruba ziwani, mbali na mnara, hahesabiwi kabisa. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, upeleke huduma pasipovutia biashara.

Basi sisi wa mwambao wa Tanganyika tusingoje kuonwa na mitambo. Tuyaandike mahitaji ya vijiji vyetu, tuyafikishe halmashauri. Asiyehesabiwa hakumbukwi.