Haki ya Kusema



Katiba ya Uhuru ya mwaka 1963 ililinda haki ya kila mtu kutoa maoni yake. Lakini tarehe 25 Oktoba, 1969, Mzee Jomo Kenyatta alikuja hapa Kisumu kufungua hospitali mpya, ile ambayo wenyeji waliiita "Russia". Baadhi ya watu walimzomea, wengine wakatupa mawe, na askari wakapiga risasi. Watu wengi walikufa, na watoto miongoni mwao. Siku tano baadaye chama cha upinzani, KPU, kilipigwa marufuku. Kiongozi wake, Bwana Jaramogi Oginga Odinga, alikaa kizuizini bila kuhukumiwa hadi mwaka 1971.

Haki ilikuwa imeandikwa. Ila sheria nyingine iliruhusu mtu kufungiwa pasipo kesi.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, inalinda maneno ya mtu, lakini si uchochezi wa fujo wala wa chuki. Kifungu cha 37 kinaruhusu maandamano ya amani, bila silaha. Kuzomea si adabu, nakubali. Hata hivyo, mwenye kutupa jiwe ndiye wa kupelekwa mbele ya hakimu, si aliyepaza sauti tu. Siku ile hakimu hakuulizwa neno.