Njia ya Mlima Meru



Vijana walioazimia kupanda Mlima Meru wameniomba niwaeleze habari ya njia yake. Nitasema lile lililonifika mwenyewe.

Mlima huo una urefu wa mita 4,566. Safari ya kileleni huanza usiku wa manane kutoka kibanda cha Saddle, kwenye kiasi cha mita 3,570, na njia hufuata ukingo wa kreta. Juu ya mwamba mtupu nyayo za waliotangulia hazibaki.

Sisi tulipokuwa tukiteremka, ukungu ulitufunika. Nikaona mteremko laini wa majivu, nikaudhania ndiyo njia, khasa kwa kuwa magoti yalikuwa yamechoka. Nilikwisha shuka hatua kama thelathini askari wa hifadhi aliponiita nisimame. Sauti yake ilikuwa karibu, nami nikataka kukata moja kwa moja kumfuata. Akanikataza: baina yetu huenda kuna genge lisiloonekana. Akaniamuru nirudi kwa nyayo zangu mwenyewe mpaka pale nilipokuwa na yakini. (Wanafunzi wangu wa fiqhi hapa watatabasamu.) Hatua zile thelathini, kuzipanda tena katika majivu yanayoporomoka, zilinichosha kuliko kilele chenyewe.

Basi mnapopanda, geukeni mara kwa mara mkaitazame njia mliyopita, kwani wakati wa kushuka sura yake ni nyingine. Na asitangulie yeyote mbele ya askari.