TUMWAJIRI NANI?

Mazungumzo na viongozi wa vikundi, Kakamega

Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya jambo moja linalosumbua vikundi vingi: tukitaka kumwajiri mtu, tuangalie nini?

Vikundi vyetu vimekua. Mlianza kwa kuchanga pesa kidogo kidogo. Leo wengine wana mashine ya kusaga mahindi, wengine duka la mbolea, wengine viti na hema za kukodisha. Hapa hapa kando ya msitu wa Kakamega, kikundi cha wakulima cha Muliru kinapanda mmea wa dawa na kuutengeneza kuwa dawa ya kupaka, na mwaka 2010 kilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kazi ikifika kiwango hicho, kujitolea peke yake hakutoshi. Wanachama wana mashamba na watoto. Lazima atafutwe mtu wa kukaa kazini kila siku.

Hapo ndipo tunapokosea. Kikundi kimoja tulichokuwa tukikitembelea kiliajiri kijana wa mashine ya kusaga. Amemaliza Kidato cha Nne, anaongea vizuri, tena ni mpwa wa mwenyekiti. Wanachama walipiga makofi. Na sisi tulipiga makofi, tusifiche. Baada ya miezi michache mashine inanguruma kutwa, lakini daftari linaonyesha pesa za nusu siku. Akina mama wakiuliza, mwenyekiti ananuna. Nani atamshtaki mtoto wa dada yake? Watu wakaanza kukosa mikutano, michango ikasimama. Mashine ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni kuaminiana.

Baadaye tulijiuliza: tulimwuliza nini kijana yule? Tuliangalia cheti chake cha shule, basi. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, lakini jembe halishiki ufunguo wa sanduku la pesa. Mtu wa kushika ufunguo lazima achaguliwe.

Haya basi, tufanyeje?

Kwanza, andikeni kazi kabla ya kutafuta mtu. Mtu wa mashine hufanya nini? Hupima mahindi, hupokea pesa, huandika, husafisha mashine, huangalia mafuta na mkanda, hupokea wateja. Sasa jiulizeni: katika hayo, ni yapi tunaweza kumfundisha? Kuwasha mashine atajifunza. Kujaza daftari atajifunza, mradi ajue kusoma na hesabu. Lakini kurudisha shilingi kumi iliyozidi, hilo hatumfundishi kwa wiki mbili. Lazima aje nalo.

Pili, tafuteni yale ambayo mtu huja nayo. Tunaona ni manne. Awe mwaminifu. Awe na subira na watu, mtoto aliyetumwa na gorogoro moja amhudumie sawa na mwenye gunia. Afike kwa wakati. Na awe mtu anayeweza kusema "sijui". Hili la mwisho watu hulisahau. Asiyejua na akanyamaza ataendesha mashine bila mafuta hadi ife, halafu aseme ilikufa yenyewe.

Tatu, msiridhike na maneno. Mwekeni kazini siku moja, mkiwapo, na mumlipe siku hiyo. Mwone anavyopima, anavyoandika, anavyorudisha chenji foleni ikiwa ndefu. Kisha mwulizeni: "Tuambie siku uliyokosea kazini. Ulifanya nini?" Anayesema hajawahi kukosea, mwangalieni tena.

Nne, nendeni mkaulize alikotoka. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi apewe cheti cha utumishi akiondoka. Cheti hicho kinaonyesha mwajiri, aina ya kazi, siku ya kuanza na siku ya kuacha. Lakini mwajiri halazimishwi kuandika habari za tabia. Hata cheti cha tabia njema cha polisi, kinachotolewa kwa alama za vidole, kinahusu rekodi ya makosa ya jinai tu. Aliyekuwa akidokoa bila kushtakiwa haonekani humo. Kwa hiyo tumeni watu wawili waende kwa miguu wakamwulize mwajiri wa zamani, na majirani pia. Wawili, ili mmoja asije na habari anazozitaka yeye.

Tano, tumieni muda wa majaribio. Sheria inaruhusu hadi miezi 6, na mkikubaliana na mfanyakazi, inaweza kuongezwa hadi miezi 6 mingine. Katika muda huo kila upande unaweza kusitisha kazi kwa notisi ya siku 7. Na kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Msiseme "tunajuana". Kujuana ndiko kulikowaponza wale.

Je, ndugu wa kiongozi asiajiriwe kamwe? Hatusemi hivyo. Huenda ndiye anayefaa kuliko wote. Lakini yeye akihojiwa, kiongozi huyo atoke nje, na asiwe msimamizi wake. Tena msimkatae mtu kwa kuwa ni mama mjamzito, au ana ulemavu, au anaishi na virusi vya ukimwi. Sheria inakataza ubaguzi huo, na ninyi mtajinyima mfanyakazi mzuri.

Mwisho, tujiangalie na sisi wenyewe. Kikundi kinachochelewesha mshahara kinamfundisha mfanyakazi kujilipa kutoka kwenye sanduku. Malipo ya M-Pesa yaingie kwenye namba ya kikundi, si kwenye simu yake. Watu wawili wakague daftari kila wiki mbele yake. Huko si kumshuku. Siku pesa zikipungua, daftari lililokaguliwa ndilo litakalomtetea.

Kile kikundi tulichotaja kilikaa mwaka mzima bila kusaga. Walipoanza tena, walimchukua mama mmoja aliyekuwa akiuza mboga sokoni, amesoma hadi Darasa la Nane. Hakuwahi kugusa mashine. Wale wawili waliotumwa sokoni kuuliza habari zake walirudi na jibu fupi: "Huyo hurudisha chenji." Mashine alifundishwa.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kazi tunayotaka kumpa mtu ina sehemu gani? Tunaweza kumfundisha ipi, na ipi lazima aje nayo?
2. Ndugu ya kiongozi wetu akiomba kazi, tutafanya nini? Tuandike uamuzi huo leo, kabla hajaomba.
3. Ni nani wawili watakaotumwa kuuliza, na watauliza nini?