Je, Mjukuu Hulipa Deni la Babu?

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, Tetu)



Leo hatuongei juu ya mbuzi wa maziwa wala mbolea. Kuna mama aliyeomba kuingia kikundi kimoja hapa kwetu, akakataliwa. Mkutanoni hakuna aliyetoa sababu. Lakini njiani watu wanasema: babu ya mume wake alikuwa ngati, alichoma nyumba za watu, ndiyo maana ng'ombe wao wanakufa na watoto hawaendelei. Ati damu inadai. Na huyo mama hata si wa damu ile, ameolewa tu!

Tusiwacheke wanaosema hivyo. Wazee wetu walijua thahu, uchafu uliompata mtu hata bila yeye kujua. Wahindi wana neno karma, kwamba tendo humrudia mtendaji. Lakini Buddha, aliyefundisha huko India, aliweka uzito wa tendo katika nia ya mtu. Na thahu haikuachwa ikae: mundu mugo alimtapisha mtu, ikatajwa, ikatemwa, basi, akarudi kula na wenzake. Someni pia Ezekieli sura ya 18, mahali nabii anakataa kabisa mwana abebe uovu wa baba yake. Mjukuu aliyezaliwa 1985 alikuwa na nia gani mwaka wa 1954?

Shida yetu ni kwamba sisi hatukutapika. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Kuanzia 1954 watu wetu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji vyenye ulinzi, na ngati walikuwa miongoni mwa walinzi. Dedan Kimathi, mwana wa Tetu, alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, na aliyempiga alikuwa Mkikuyu mwenzake. Akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Uhuru ulipokuja tukaambiwa tusahau yaliyopita, na Mau Mau ikabaki chama haramu mpaka 2003. Kwa hivyo aliyeumiza na aliyeumizwa walikaa benchi moja kanisani miaka arobaini, wakipeana mkono na kuulizana habari za mvua.

Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilisema inasikitika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya watu 5,228. Hao wamesema. Na sisi kwa sisi?

Kamati haiwezi kusamehe kwa niaba ya aliyeunguliwa nyumba. Wala mjukuu hana la kuungama, maana dhamiri yake haikuwapo siku ile. Tulimweleza yule mama hivyo, tukidhani tunamfariji. Yeye akauliza tu: "Ilikuwa nyumba ya nani? Nipelekeni."

Tukampeleka kwa nyanya mmoja ambaye wakati ule alikuwa msichana mdogo. Nyanya alimwangalia kwa muda mrefu, akamwambia akae. Akaanza kusimulia saa sita, mpaka ng'ombe wakarudi. Hakusema amesamehe. Alisema mama arudi Jumamosi, kwa sababu kuna sehemu hajamaliza.

Ombi la kujiunga bado liko mezani. Kikundi kinakutana Alhamisi.