Mbio za Watoto Wakati wa Maradhi ya Kuenea

Maneno ya hotuba kwa walimu na wazazi wa Awasi, Kaunti ya Kisumu



Katika mwezi wa Machi 2020, siku mbili tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa katika Kenya, Serikali ilitoa amri kwamba shule zote zifungwe. Viwanja vya michezo vikabaki vitupu, na majani yakaota katika njia za mbio. Hapa katika tambarare ya Kano taabu haikuwa moja. Mvua kubwa za mwaka ule zilijaza mto Nyando, maji yakaingia mashambani na majumbani, na watu wengi waliohama makwao walijihifadhi katika majengo ya shule. Tarehe 12 Oktoba 2020 walirudi wanafunzi wa gredi ya nne, wa darasa la nane na wa kidato cha nne peke yao. Waliobaki walingoja mpaka tarehe 4 Januari 2021.

Yaani karibu miezi kumi ilipita. Mtoto wa miaka kumi na miwili hawezi kukaa kitako miezi kumi, na kila mzazi mwenye macho aliliona jambo hilo. Wako waliokwenda kutafuta vibarua katika mashamba ya miwa, wako waliozoea fedha za pikipiki wakaona shule haina maana tena, na wako wasichana ambao hawakurudi darasani kwa sababu walikwisha kuwa waja wazito. Basi swali la michezo si swali dogo la kuchezacheza. Mwalimu wa michezo humshika mtoto kwa kamba ambayo mwalimu wa hesabu pengine hana, na kamba hiyo ikikatika si rahisi kuifunga tena.

Lakini upande wa pili nao una haki yake. Tarehe 18 Juni 2021 kaunti 13 za magharibi na za kando ya Ziwa, Kisumu ikiwa mojawapo, zilitiwa chini ya amri kali kuliko nchi nyingine: watu wasitoke nje tangu saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, na mikutano ikapigwa marufuku. Sababu ni kwamba ugonjwa wa namna mpya, ulioitwa Delta, ulikuwa umeingia na kuenea upesi. Kwa kawaida watoto hawakuugua sana, lakini waliweza kuupeleka ugonjwa nyumbani, na katika nyumba nyingi za Awasi mtoto hulala chumba kimoja na nyanya yake. Mzazi aliyeogopa kumpeleka mwanawe uwanjani hakuwa mjinga.

Kati ya mawazo hayo mawili iko njia, wala haikubuniwa juzi. Tarehe 3 Oktoba 2020 mashindano ya Kip Keino Classic yalifanywa katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, ijapokuwa ugonjwa ulikuwa haujaisha. Mashindano ya dunia ya vijana wasiozidi miaka 19 yalikuwa yafanywe Nairobi mwaka 2020. Yakaahirishwa, yakafanywa Kasarani mwezi wa Agosti 2021. Kenya ilipata medali 16, na 8 kati yake zilikuwa za dhahabu. Huko ndiko kijana Emmanuel Wanyonyi, mwenye umri wa miaka 17, alipata dhahabu ya mita 800. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2024, alishinda mbio zizo hizo katika Olimpiki ya Paris. Kama waliohusika wangalisema kwamba salama ni kufunga mlango tu, kijana yule angalikosa mlango wake.

Ni kweli kwamba Kasarani walikuwako waganga na vipimo. Shule ya Awasi ina uwanja wa udongo mweusi, mistari ya majivu, filimbi moja, na ndoo za maji. Kwa hiyo inafaa kuangalia hatari hasa iko wapi, ili nguvu kidogo iliyopo isipotezwe mahali pasipo na haja.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 watu wengi waliogopa vitu: mpira, kijiti, sarafu, hata mkono wa mlango. Baadaye waganga walihakikisha kwamba korona huenea zaidi kwa pumzi, hasa ndani ya nyumba zisizo na hewa, na mahali watu wanaposongamana na kupiga kelele. Mtoto anayekimbia mita 200 peke yake katika njia yake, upepo wa Ziwa ukimpiga usoni, hayumo katika hatari kubwa. Hatari inamngoja kabla ya mbio na baada yake. Iko katika lori au matatu iliyopakia watoto arobaini wanaoimba toka Awasi mpaka Ahero. Iko katika darasa lenye madirisha yaliyofungwa, wanapobadili nguo. Iko katika mstari wa uji, na katika kundi lililobanana kwenye utepe wa mwisho, kila mmoja akimwita ndugu yake kwa sauti kuu.

Katika siku za amri zile, matatu ya watu 14 iliruhusiwa kuchukua watu 8 tu. Shule ikifuata kipimo hicho, nauli itakuwa karibu mara mbili, na wazazi watalalamika kwa haki. Dawa yake ni kupunguza safari yenyewe. Watoto wakimbie kila shule katika kiwanja chake, asubuhi ile ile, kwa saa ya kupimia, halafu nyakati zao zilinganishwe. Watu wa Awasi watacheka, maana inajulikana kwamba saa ya mwalimu wa nyumbani huwa na huruma sana kwa watoto wa nyumbani. Basi walimu wabadilishane: mwalimu wa shule hii aende shule ile na saa yake. Asafiri mtu mzima mmoja, badala ya watoto arobaini. Anayepima asiwe na mtoto wake kiwanjani, na daftari litiwe sahihi na walimu wawili.

Katika kiwanja, mbio za makundi madogo ni bora kuliko umati. Watoto sita wakimbie huku wengine wakikaa kivulini, wameachana mita moja na nusu, kila darasa chini ya mti wake. Kuruka chini na kutupa tufe hakuna shida, ila wasisimame wote kwenye shimo la mchanga wakishangilia. Mbio za kupokezana vijiti zinaweza kuendelea. Kijiti kioshwe kwa sabuni kila kundi linapomaliza. Afadhali kuanza mapema na kumaliza kabla ya saa nne, kwa kuwa jua la Kano halimngojei mtu.

Juu ya barakoa, wako walimu waliowalazimisha watoto kukimbia wamefunika pua na mdomo. Hilo ni kosa. Barakoa ikilowa jasho huzuia pumzi, na Shirika la Afya Duniani lilionya watu wasiivae wakati wa mazoezi mazito. Mtoto aivae akiwa katika gari na anapongoja, kisha aivue kwenye mstari wa kuanzia na kuitia katika mfuko wake mwenyewe. Zisiwekwe fungu moja juu ya majani, kwa maana watoto watatu wataondoka na barakoa zisizo zao, na nia njema itakuwa imeleta ubaya.

Inafaa kukumbuka pia kwamba kila maradhi yana njia yake. Kipindupindu, ambacho watu wa kando ya Ziwa wanakijua tangu zamani, hakisafiri kwa pumzi bali kwa maji na chakula kichafu; wakati wa kipindupindu kikombe kimoja kinachozunguka kwa wakimbiaji ni hatari kuliko mbio zote, na maji ya kunywa hayana budi kuchemshwa au kutiwa dawa. Mpox, iliyotangazwa katika Kenya mwishoni mwa Julai 2024, huambukiza hasa kwa kugusana ngozi kwa ngozi na kwa nguo au taulo ya mgonjwa. Hapo shati moja la mashindano linalovaliwa na watoto watatu kwa zamu ndilo la kuogopwa. Mwalimu anayetumia amri za korona kwa kila ugonjwa atakuwa amefunga dirisha huku mlango u wazi.

Sasa jambo lililo gumu kuliko yote. Chukua mfano wa msichana wa gredi ya sita ambaye amechaguliwa kukimbia mita 1,500. Usiku wa kuamkia mashindano anapata homa. Anajua kwamba akisema ataachwa, na pengine mwaka ujao atakuwa amekwisha kupita umri. Mama yake anajua pia. Asubuhi anapewa dawa ya kushusha homa, kipima joto cha langoni hakionyeshi kitu, na anakimbia. Hakuna ndoo ya maji wala barakoa itakayowasaidia wenzake, wala itakayomsaidia yeye. Katika pande hizi homa yaweza kuwa malaria, nayo yaweza kuua mtoto upesi kama haikupimwa. Haifai kudhani kwamba ni korona, wala kudhani kwamba si korona. Apelekwe kituo cha afya akapimwe.

Lakini kumkemea mama huyo hakutoshi. Kosa liko pia katika mashindano yanayotoa siku moja tu. Shule ziweke siku ya pili, majuma mawili baadaye, kwa kila mtoto aliyekuwa mgonjwa, na wakati atakaopata siku hiyo uhesabiwe sawasawa na wa wengine. Mashindano ya saa yanawezesha jambo hili bila gharama. Mtoto akijua kwamba nafasi yake haipotei, hana sababu ya kuficha homa. Shauri hili moja lina faida kuliko vipima joto kumi.

Mtoto aliyepona korona asirudishwe mbioni kwa haraka. Dalili zikiisha, aanze kwa kutembea, kisha mbio za polepole, akiongeza kidogo kidogo muda usiopungua juma moja. Akipata maumivu ya kifua, au moyo kwenda mbio pasipo sababu, au kuishiwa pumzi kuliko desturi yake, au kuzimia, asimamishwe siku ile ile na kuonwa na mganga. Watoto wenye pumu waje na dawa yao ya kuvuta. Wenye selimundu, nao si wachache kando ya Ziwa, wanywe maji mara nyingi na wasilazimishwe kukimbia mpaka wachoke kabisa. Mzazi amwambie mwalimu mapema, bila kuona haya.

Mwisho ni habari ya daftari. Kila siku ya mashindano mwalimu aandike jina la kila mtoto, kijiji chake, kundi alilokimbia nalo, gari alilopanda, na simu ya mzazi. Daftari hilo likae kwa mwalimu mkuu kwa muda wa majuma matatu, na mtoto yeyote akiugua katika siku hizo, lipelekwe kwa ofisa wa afya asubuhi ile ile.