Kampeni Nje ya Vituo vya Kupigia Kura: Mazungumzo kwa Masheha na Wafanyakazi wa Serikali



Nimepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhania dogo, nalo ni kampeni zinazofanywa nje ya kituo siku ya kupiga kura, khasa pale kituo kinapokuwa katika mali ya umma. Vituo vyetu vingi ni skuli. Uwanja wa skuli, ukuta wake, mwembe ulio mbele ya lango na njia inayofika hapo ni mali ya wananchi wote, wa chama hiki na wa chama kile, na wasio na chama. Kwa sababu hiyo wapo wanaosema: "Mali ni yangu pia, nani wa kunizuia kusema hapo?" Suala hilo si la kipuuzi, na anayeliuliza anastahiki jibu.

Jibu la kwanza limo katika historia yetu wenyewe. Katika uchaguzi wa Januari 1961 chama cha ASP kilipata viti 10, ZNP viti 9 na ZPPP viti 3. Na kiti kimoja, cha Chake Chake, kilipatikana kwa tofauti ya kura moja tu. Wajumbe wa ZPPP walipogawanyika, pande mbili zikawa na viti 11 kila mmoja, na ikalazimu uchaguzi urejewe tarehe 1 Juni 1961. Siku hiyo ugomvi ulianza kwenye vituo vya mjini, watu wakishutumiana kuhusu nani ana haki ya kupiga kura na nani amekwisha kupiga, kisha ukaenea hadi mashamba. Watu 68 walikufa. Sitaji hayo ili kufukua makaburi. Nayataja kwa kuwa moto ule haukuwaka katika mkutano wa hadhara. Uliwaka mahali ambapo watu walikuwa wamekwenda kupiga kura.

Jibu la pili ni la sheria. Sheria ya Uchaguzi ya Taifa ya 1985, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya ya 2024, katika kifungu chake cha 104 ilikataza mikutano siku ya kupiga kura. Aidha ilikataza, ndani ya jengo la kupigia kura na mahali popote katika mita 200 kutoka jengo hilo, kuvaa au kuonesha kadi, picha au alama ya kumuunga mkono mgombea. Nakuombeni muyatazame maneno "mahali popote". Hayakusema kiwanja cha Serikali pekee. Duka la mtu, nyumba ya mtu na baraza ya mtu iliyoangukia ndani ya duara lile, navyo vilikuwamo.

Mwaka 2015 maneno hayo yalizusha mjadala mkubwa. Wapo waliowaambia wafuasi wao wapige kura kisha wabaki nje ya mita 200 kulinda kura, na wapo waliosema kila mtu arudi kwake. Mpiga kura mmoja aliipeleka kesi Mahakama Kuu, Dar es Salaam, na Oktoba mwaka huo mahakama ikaamua kuwa mikusanyiko haikuruhusiwa siku hiyo. Mtu anaweza kuupenda au kutoupenda uamuzi ule. Mimi nasema tu kwamba suala lilikwenda mahakamani badala ya kwenda barabarani, na hivyo ndivyo ilivyopasa.

Sisi si peke yetu wenye kulipima jambo hili. Huko Marekani jimbo la Tennessee lilikataza kampeni katika futi 100 za lango la kituo, yaani kama mita 30, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo ililikubali katazo hilo mwaka 1992. Lakini mwaka 2018 mahakama hiyo hiyo ililitupa katazo la jimbo la Minnesota la kuvaa vazi "la kisiasa" kituoni, kwa hoja kwamba neno hilo halikufafanuliwa, na msimamizi wa mlangoni aliachiwa aamue kwa rai yake ni vazi gani la kisiasa na lipi silo.

Hapo ndipo penye mzigo wetu. Bibi atakuja amejifunga kanga ya rangi ya chama kwa kuwa ndiyo kanga yake nzuri. Rangi peke yake si picha ya mgombea, wala si jina la chama. Kwa rai yangu, msimamizi asimrudishe mtu kwa rangi. Kanga yenye picha au nembo ni jambo jengine, na bibi huyo aombwe kwa adabu aigeuze ndani nje au ajitande nyengine. Asifokewe mbele ya foleni. Mtu akirudi nyumbani kwa kuona haya, kura yake imepotea kana kwamba ameibiwa.

Kuhusu mabango yaliyobandikwa ukutani mwa skuli, mwalimu mkuu asiyabandue peke yake usiku. Awaite mawakala wa vyama vyote, yabanduliwe mchana mbele yao, ya wote kwa pamoja. Gari ya Serikali isisimame karibu na kituo ikiwa na kibandiko cha mgombea. Na sheha, ambaye watu wamezowea kumwendea kwa kila shida, siku hiyo asiweke kiti chake njiani mwa wapiga kura, hata kama hasemi neno. Kuwapo kwake tu ni maneno.

Mwaka 1995 nilikuwa karani kijana, nikatumwa na wenzangu kupima eneo la kituo kwa kamba. Kamba ikakatisha kwenye baraza walipokuwa wakicheza bao wazee ambao walikaa hapo kila siku tangu sijazaliwa. Nikaona tabu kuwaambia. Mzee mmoja akauliza kama bao nalo ni kampeni. Nikamjibu kuwa bao si kampeni, ila mazungumzo yao ndiyo. Walicheka, wakalibeba bao lao hadi upande wa pili wa mnazi tuliokwishaufunga kitambaa cheupe.

Kwa hivyo nawaomba masheha na walimu wakuu wahakikishe kamba na vitambaa vimo stoo kabla ya siku yenyewe, na kwamba umbali unaopimwa ni ule uliotangazwa na Tume kwa uchaguzi husika. Umbali huo upimwe kuanzia jengo, si kuanzia lango la uwanja, na mawakala wa vyama wote wawepo wakati wa kupima.