Mwanamke wa Kikaburu na Magari ya Maksai



Hapa Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, jina la Uholanzi si geni. Maua yakatwayo katika mashamba ya jirani husafirishwa kwa ndege mpaka huko, yakauzwa mnadani. Lakini Waholanzi wanaosimuliwa leo ni wengine, na wengi wao hawakupata kuiona Uholanzi kwa macho yao. Wazee wao wa kale walianza kufanya maskani kusini kabisa mwa Afrika mwaka 1652. Walipokuja Kenya, Waingereza waliwaita Waholanzi kwa ajili ya asili na lugha yao. Waafrika waliwaita Makaburu, na jina hilo ndilo lililodumu.

Habari za wanaume wao zimeandikwa mara nyingi: nani aliongoza, nani alipiga simba. Habari za wanawake ni chache, ingawa bila wao safari ile isingalifika popote.

Chanzo chake ni vita. Tangu 1899 mpaka 1902 Waingereza na Makaburu walipigana huko Afrika Kusini. Jeshi la Waingereza lilichoma nyumba za mashamba zipatazo 30,000, na wanawake na watoto wakatiwa kambini. Humo walikufa Makaburu zaidi ya 26,000, wengi wao watoto, kwa surua na maradhi ya tumbo. Katika kambi za Waafrika, zilizotengwa mbali na hizo, walikufa zaidi ya 14,000, na hesabu yao haikuwekwa vema. Mama aliyetoka kambini akiwa hai alirudi kwake akakuta majivu.

Mwezi wa Julai 1908 jamaa zipatazo 47, watu zaidi ya 200, walishuka Mombasa kutoka katika meli iitwayo Windhuk. Kiongozi wao alikuwa Jansen van Rensburg. Walipakia magari yao katika gari la moshi, wakapita Naivasha, wakashukia Nakuru. Ng'ombe wa kuyakokota magari hayo walinunuliwa papa hapa nchini, nao hawakuwa wamepata kufungwa nira. Ikawa lazima kukaa kambini Nakuru mpaka wanyama wafundishwe.

Kisha wakapanda kuelekea Uasin Gishu. Siku hizi basi humaliza njia ya Nakuru mpaka Eldoret kwa muda wa saa tatu hivi. Wao walifika karibu na mlima wa Sergoit tarehe 22 Oktoba. Huko juu, upande wa Timboroa, palikuwa na msitu, mianzi na matope yaliyomeza magurudumu. Wanaume walikata miti wakailaza juu ya tope ili magari yapite. Na wanawake je? Gari lile ndilo lililokuwa nyumba yao. Ndani yake walilaza watoto na kuuguza wagonjwa, na mvua ikinyesha walitafuta kuni kavu ili watu wapate kahawa na chakula cha moto.

Nyumba za kwanza zilikuwa za udongo na nyasi, kama za jirani zao Waafrika. Mama alipika sabuni kwa mafuta ya wanyama, akamimina mishumaa mwenyewe, akakausha nyama ya pundamilia na kongoni. Reli haikufika Eldoret mpaka 1924. Kabla ya hapo wanaume wengi walichukua mizigo kwa magari ya maksai kutoka stesheni ya Londiani, na mke alibaki peke yake na shamba kwa siku nyingi. Jioni aliwafundisha watoto kusoma kwa Biblia ya Kiholanzi. Biblia nzima katika lugha waliyoisema nyumbani haikupatikana mpaka mwaka 1933.

Hapana budi kuuliza: nchi hiyo ilikuwa ya nani? Wageni waliiona tupu. Lakini hata malisho ya Nakuru na Naivasha waliyoyapita yalikuwa ya Wamasai mpaka mapatano ya 1904 yalipowahamisha. Wanandi walipigwa vita na Serikali. Kiongozi wao, Koitalel Samoei, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 alipokwenda kuonana na afisa wa Kiingereza kwa mazungumzo ya amani. Ng'ombe wao walichukuliwa kwa maelfu, nyumba zao zikachomwa, wakasukumwa katika eneo walilotengewa. Baada ya miaka mitatu hivi, magari ya Makaburu yakawasili.

Basi mwanamke aliyejua harufu ya nyumba yake ikiungua alipewa makao mapya na Serikali ile ile iliyoichoma, katika nchi ambayo Serikali hiyo ilikuwa imechoma nyumba za wengine. Mwafrika aliyeingia jikoni mwake kuosha vyombo huenda alikuwa na habari kama zake za kusimulia. Lakini mmoja alikuwa bibi wa nyumba, mwingine mtumishi, na kazi ilianza alfajiri.

Uhuru ulipokaribia, Makaburu wengi waliuza mashamba yao. Kati ya 1960 na 1964 walirudi Afrika Kusini, safari hii kwa malori na motokaa. Msichana aliyeshuka Nakuru 1908 akiwa na miaka 10 alikuwa amefika 65 mwaka wa uhuru. Mabinti zake, waliozaliwa Uasin Gishu, walifunga vyombo vyao kwenda katika nchi ambayo mama yao aliikumbuka kama mtoto tu.